Ruzuku kwa taasisi ndogo za Kigoma: anza kabla tangazo halijatoka

Ruzuku haipatikani wiki ile tangazo limetoka. Wanaoipata walishajiandaa kitambo, karatasi zao ziko kwenye faili moja, akaunti ya benki iko hai, na wanajua kwa hesabu tatizo wanalotaka kulishughulikia liko mtaa gani na linamuumiza nani. Tangazo likitoka wao wanakaa kuandika, wengine ndo kwanza wanaulizana kwenye grupu la wasapu muhtasari wa kikao cha mwaka jana uko kwa nani.

Hapa naandikia taasisi na vikundi vidogo vya huku kwetu, vya Ujiji, Mwandiga, Kasulu, Kibondo, Uvinza mpaka vile vijiji vya ziwani ambako boti ndo usafiri wa kila siku, na ndugu zetu wa Tabora yatawafaa pia maana shida ni zile zile. Na nalisema saivi kwa sababu hali imebadilika sana, USAID, shirika la misaada la Marekani, ilianza kusitisha miradi Januari 2025 na Julai mwaka huo huo ikafungwa kabisa, kwaiyo taasisi nyingi za mikoani zilizokua zinapokea hela kupitia mashirika makubwa zimebaki mikono mitupu. Ruzuku ndogo ndogo ndo za kupigania sasa hivi, na zinapatikana jamani, ila ukijua unamuomba nani na anataka kuona nini.

Jua kwanza ni hela gani unaomba

Watu wengi wanachanganya ruzuku na mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba na unarudishwa. Ni hela nzuri kwa kikundi kinachofanya biashara, ila kama kazi yenu ni kufundisha wasichana waliokatisha shule au kuhudumia wazee mkopo sio wenu msijifunge. Ruzuku hairudishwi, lakini inahesabiwa shilingi kwa shilingi, na ukishindwa kueleza ilikoenda mfadhili ana haki ya kuidai irudi.

Wafadhili nao hawafanani. Kuna mifuko ya jamii, hii ni taasisi inayokusanya hela za watu na kampuni za eneo moja, inaziwekeza, alafu faida inagawiwa kama ruzuku kwa taasisi za eneo lile lile. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na mtu wa benki anaitwa Frederick Goff, na jirani zetu Kenya wana KCDF (Kenya Community Development Foundation) tangu 1997. Kwetu Tanzania anayejulikana zaidi kwenye ruzuku za asasi ni Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, ipo tangu 2002 na inatoa ruzuku kwa asasi za mikoani kupitia wito wa maandiko, yaani tangazo la kuita taasisi zilete maombi yao ya maandishi. Wanawake wana mfuko wao, Women Fund Tanzania Trust. Balozi nazo zina madirisha madogo, Japani wana ruzuku ya miradi ya ngazi ya chini, ile inapenda majengo na vifaa, madarasa, zahanati, visima, ukiweka mishahara humo hamuelewani. Kanada nao wana mfuko wa miradi midogo ya muda mfupi. Mabenki ni habari nyingine kabisa, NMB kwa mfano hutenga asilimia 1 ya faida yake kwa ajili ya jamii na mara nyingi inatoka kama vitu, madawati, mabati, vitanda vya hospitali, huko andiko la kurasa 20 halihitajiki, ni barua fupi iliyopitia kwa mkuu wa shule au mganga mfawidhi na kupelekwa tawini.

Kwaiyo kabla hujaandika mstari hata mmoja soma wito wote, mpaka yale maandishi madogo ya mwisho. Tafuta majibu ya haya: wanataka taasisi iliyosajiliwa chini ya sheria gani, imefanya kazi miaka mingapi, mkoa wetu umo, kiwango cha juu ni kiasi gani, na ni vitu gani hawalipii. Kama moja tu kati ya hayo linawakataa, okoeni nguvu zenu, msitume kwa kubahatisha.

Karatasi

Hapa ndo wengi wanaangukia na inaniuma kwa sababu ni watu wanaofanya kazi kubwa kweli kweli mitaani. Kikundi cha kijamii kinasajiliwa halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii. Ukitaka kuwa shirika lisilo la kiserikali unasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002, maombi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa Msajili aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na unachagua ngazi, wilaya, mkoa au taifa. Tangu marekebisho ya 2019 cheti kina maisha ya miaka 10 kisha unahuisha, kwaiyo kaangalieni tarehe kwenye cheti chenu leo leo. Na ripoti ya mwaka kwa Msajili ipelekwe hata kama mwaka huo hamkupata senti kutoka kwa mtu.

Faili lenyewe liwe na cheti, katiba iliyosainiwa kila ukurasa, TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya taasisi (ya mwenyekiti haihusiki hapo), taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, orodha ya viongozi na namba zao za NIDA, mihtasari ya vikao yenye mahudhurio na saini, ripoti za kazi, hesabu zilizokaguliwa kama mnazo, na barua ya utambulisho kutoka kata au halmashauri. Vyote skani vizuri pale steshenari, kila kimoja na jina lake, mfano Cheti, Katiba, TIN, alafu weka kwenye imeili ya taasisi na kwenye flashi mbili zinazokaa kwa watu wawili tofauti. Imeili iwe ya taasisi kweli, sio ya kijana mmoja ambae akipata kazi Dodoma anaondoka na neno la siri na nyie mnabaki nje ya mlango wenu wenyewe.

Akaunti ya benki iwe na watia saini angalau watatu kwenye makundi mawili, kila malipo yapate saini ya kila kundi, ili hela isitoke kwa mkono wa mtu mmoja. Mume na mke wasiwe watia saini pamoja. Mfadhili akiona majina mawili ya ukoo mmoja anaanza kujiuliza na ana haki ya kujiuliza. Na akaunti isilale, hata michango ya wanachama ya elfu tano tano ipite benki, maana taarifa ya benki yenye mzunguko mdogo lakini wa kila mwezi inamuonesha mfadhili kwamba mmezoea kutunza hela kabla yeye hajaleta ya kwake.

Jambo la barua ya kata mlianze mapema na kwa heshima. Mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii wawajue kabla hamjawahitaji, waalikeni kwenye shughuli zenu, wapelekeeni nakala ya ripoti ya robo mwaka hata ya ukurasa mmoja. Mtu anaeingia ofisini Ijumaa saa tisa na "shikamoo mtendaji, nina dedilaini kesho" anamuweka mtu wa serikali kwenye wakati mgumu, atasainije barua ya kazi ambayo hajawahi kuiona.

Andika kuhusu mtaa wenu

Nimesoma maandiko mengi ya taasisi zetu na karibu yote yanaanza hivi: wanawake wa Kigoma wanakabiliwa na umaskini uliokithiri kutokana na mfumo dume na mabadiliko ya tabianchi. Hakuna uongo hapo, ila sentensi hiyo inaweza kuandikwa na mtu yeyote aliyekaa Dar ambae hajawahi kukanyaga Kibirizi. Nguvu pekee mliyonayo kuliko shirika kubwa lenye wataalam na magari ni kwamba nyie mnaishi hapo, mnawajua hao akina mama, mnajua mvua ikianza kunyesha saa ngapi nani anakimbilia wapi. Sasa hiyo ndo iandikwe.

Tuseme mnataka kusaidia wanawake wanaoanika dagaa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki. Kabla ya kuandika nunueni kaunta buku, pigeni mistari, safu ya kwanza jina, ya pili ndoo alizoanika leo, ya tatu ndoo zilizoharibika, ya nne kilichoharibu, mvua au mchanga au kukosa mnunuzi, ya tano bei aliyouzia. Mpeni binti mmoja wa hapo hapo mwaloni anaejua kuandika vizuri, kila jioni apite, "mama, leo umeanika ngapi, zimeharibika ngapi?" Mfanye hivyo wiki nne. Mwisho wa hizo wiki nne mna kitu ambacho hakuna mtu mwingine anacho duniani, mna hesabu za mwalo wenu, na andiko linaandikika lenyewe: kwenye mwalo wetu wanawake kadhaa wanaanika dagaa chini kwenye mchanga, kwa wiki nne tulizorekodi waliharibikiwa ndoo kadhaa kati ya kadhaa, sababu kubwa ni mvua ya mchana, dagaa walioloa wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hapo mfadhili anaona tatizo, anaona lina ukubwa gani, na anaona mtapimaje kama limepungua, kwa sababu mwakani mtarudi na kaunta buku ile ile muulize maswali yale yale. Wataalam wanaviita hali ya awali na viashiria na mkishafanya hivyo mnavyo tayari, hamuhitaji kuajiri mtu wa kuwatungia.

Kasulu au Buhigwe mnaweza kufanya hivyo hivyo kwa shule, wasichana wangapi waliandikishwa darasa la kwanza na wangapi wamefika la saba, mwalimu mkuu ana rejista na mkienda na barua mtaoneshwa. Kwa wakamuaji wa mawese mnahesabu madumu. Muhimu hesabu iwe ya kwenu, na msitie chumvi hata kidogo, afisa wa mfadhili akija kutembelea ataenda mwaloni kuongea na watu.

Alafu onesheni kwamba mnaijua kalenda ya mahali. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku na taa, kipindi cha giza boti zinatoka na alfajiri akina mama wote wako mwaloni wanapokea mzigo, ukiita mafunzo siku hizo utapata viti vitupu. Mbalamwezi boti zinapumzika, hapo ndo panga mafunzo na mikutano. Mvua za huku zinaanza mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili hivi, chanja za kuanikia zijengwe kabla yake. Na kwenye sehemu ya vihatarishi kumbukeni kwamba mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, mradi wa dagaa wowote ambao haukuwaza jambo kama hilo ulikaa miezi mitatu bila kazi. Andika mtafanya nini likitokea tena, mfano mafunzo ya hesabu na vifungashio yasogezwe kipindi hicho. Mfadhili akisoma hapo anajua anaongea na watu wa ziwani.

Bajeti

Bajeti ndo inasomwa kwanza na watu wengi wa uchambuzi, naomba muiandike kabla hata ya maelezo. Anza na kitu chenyewe alafu rudi nyuma. Mfano wa kuonesha tu, bei tafuteni za kwenu: chanja 30 kwa 150,000 ni 4,500,000, maturubai 30 kwa 20,000 ni 600,000, mafunzo siku mbili kwa watu 60 chai na chakula 8,000 kila mtu kwa siku ni 960,000, mkufunzi siku mbili kwa 60,000 ni 120,000, boda za ufuatiliaji mara mbili kwa mwezi kwa 10,000 kwa miezi 8 ni 160,000, mhasibu wa muda 150,000 kwa mwezi kwa miezi 8 ni 1,200,000, mchango wa mwajiri NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ni 120,000, makato ya benki 80,000, steshenari na ripoti 150,000. Jumla 7,890,000. Karibu theluthi mbili imeenda kwenye chanja na maturubai na hiyo inaonekana bila mtu kuelezwa.

Angalia hapo kila mstari una idadi, bei na mara ngapi. Msiandike "usafiri 500,000" mkaishia hapo, usafiri wa nani, kwenda wapi, kwa boda au boti? Mkienda vijiji vya kusini ya ziwa andikeni nauli ya boti na siku ya kulala, mtu wa Dar hajui kwamba huwezi kwenda na kurudi siku moja, muelezeni kwenye safu ya maelezo. NSSF, kodi ya mshahara na kodi ya zuio (ile mnayomkata mtu mnapomlipa) wengi wanazisahau alafu wanazilipa kutoka kwenye hela ya walengwa. Bei za vifaa zitoke kwenye profoma tatu, yaani karatasi za bei kabla ya kununua, nendeni kwa mafundi seremala watatu tofauti waandike kwa mkono na muhuri, mkichagua ambae sio wa bei ya chini andikeni kwanini.

Posho ziwe za kawaida. Nalisema hili kwa uchungu, kuna maandiko nusu ya bajeti ni posho za viongozi kukaa vikao, na mama wa mwaloni kwenye jedwali lote hayupo. Viongozi wanastahili nauli na muda wao uheshimiwe ila mradi ni wa nani?

Wekeni pia mchango wenu. Eneo la kujengea, nguvu za kusafisha, chumba cha kukutania, vyote vina thamani, viandikeni kwenye safu ya peke yake. Eneo la mwalo lina wenyewe, kwaiyo barua ya halmashauri na ya BMU ya mwalo (kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi) iambatanishwe, bila hiyo chanja zinaweza kujengwa leo na kuambiwa kesho ziondoke.

Kutuma

Dedilaini ichukulieni kama ni siku tatu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Umeme unakatika, mtandao unazunguka, na mifumo ya wafadhili usiku wa mwisho inalemewa. Andikeni majibu kwanza kwenye faili la kawaida mkijua kila swali lina kikomo cha maneno mangapi, ndo mkanakili kwenye fomu. Kama wito unaruhusu Kiswahili andikeni Kiswahili, mtaeleza vizuri zaidi. Wito ukilazimisha Kiingereza, andikeni kwanza Kiswahili chote kikae sawa alafu mtafute mwalimu au kijana wa chuo atafsiri, na mkae nae wakati anatafsiri asije akaongeza mambo ambayo hamfanyi.

Na mpeni mtu ambae hajui mradi asome. Akimaliza muulize, sisi tunataka kufanya nini, kwa nani, wapi, kwa hela ngapi? Akikwama popote rekebisheni hapo.

Maandiko ya kununua mjini yaachwe kabisa. Kuna watu wanauza andiko moja kwa taasisi kumi, wamebadilisha jina la kata tu, na wachambuzi wanayakuta yote kwenye rundo moja. Vivyo hivyo mtu anaekwambia umpe asilimia fulani atakusaidia ruzuku ipite, huyo ni tapeli, mfadhili wa kweli hatozi ada ya kuomba.

Ikipatikana, na isipopatikana

Mkipata, someni mkataba wote kabla ya kusaini, kamati nzima, sio katibu peke yake. Kwa shirika lisilo la kiserikali, kanuni za 2018 zinasema fedha ikizidi shilingi milioni 20 mkataba upelekwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na chanzo na matumizi viwekwe wazi kwa umma. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa wilaya awaongoze hatua hizo, tena mwoneni siku ile ile mnasaini.

Kila malipo yawe na vocha, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) pale muuzaji anapokua nayo, na pale asipokua nayo, mfano mwenye boda au mama aliyepika, fomu ya malipo yenye jina, namba ya simu, kiasi na saini au dole gumba. Hela ya mradi isikopeshwe hata kwa siku mbili, hata kama mweka hazina ana msiba. Kusanyeni michango ya msiba pembeni. Mkiona bei zimepanda au ratiba imevurugika andikeni imeili kwa mfadhili kabla hamjahamisha hela kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, wengi wanakubali wakiombwa mapema, baada ya hela kutumika inakua kosa.

Na bandikeni bajeti kwa Kiswahili kwenye ubao wa mwalo au ofisi ya kijiji, chanja ngapi, bei gani, fundi nani. Wale akina mama wakijua kwamba chanja 30 zimelipiwa watazihesabu wenyewe zikishushwa, na hamtapata mkaguzi mzuri kuliko hao.

Mkikosa, andikieni mfadhili imeili fupi ya kushukuru na kuomba maoni ya wachambuzi. Wapo wanaotuma alama na sababu, na hiyo ni hazina, ichapeni muisome kwenye kikao mbele ya wote. Alafu endeleeni na kaunta buku. Mkirudi kwenye wito unaofuata mkiwa na hesabu za mwaka mzima, za masika na za kiangazi, mtaandika kurasa mbili za kwanza bila kushika kitabu kingine chochote.